Masika Tuliyoisingizia Mashine

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua kuandika humu, kwa sababu ninayoyafikiria nikiyasema ofisini nitamwaga unga.

Leo mashine imetuaibisha tena. Ni ile ya kusoma seli, imejaza chumba cha nyuma cha maabara yetu hapa Kijitonyama, na bila hiyo mimi Eliaichi nisingekuwa na kazi. Tunachukua damu ya akina mama wenye saratani ya matiti. Seli zao za kinga tunazichanganya na dawa zenye rangi, kila rangi inanasa protini yake, kisha mashine inazipitisha mbele ya mwanga wa leza moja moja, kama watu wanaoingia uwanjani kwa mlango mmoja. Kila seli inatokea kwenye skrini kama nukta, na nukta inatuambia seli hiyo imebeba protini zipi na kwa wingi gani. Tunazitafuta hasa zile zinazoonyesha kwamba seli imechoka, imeacha kupigana na uvimbe. Tukizijua, siku moja daktari atajua dawa ipi ampe nani, badala ya kubahatisha.

Ili tuwe na hakika kwamba mashine haituongopei, kila siku ya kazi tunaanza na damu ya mtu asiyeumwa. Tyubu yake tunaiandika Mzima. Mzima akisomeka vizuri, tunaendelea na akina mama. Akisomeka vibaya, majibu yote ya siku hiyo yanawekwa kando, hayaingii kwenye utafiti. Sheria hiyo niliipigania mimi mwenyewe.

Leo Mzima amesomeka vibaya. Kuna kundi la nukta limekaa mahali panapotakiwa kuwa na nukta za kuhesabika: seli zilizobeba protini mbili ambazo ni nadra kukaa pamoja. Mwezi uliopita lilikuwepo, dogo zaidi, tukasema ni uchafu wa mabomba.

Anayeyaosha mabomba ni Mzee Hyder.

Jumanne, 5 Machi

Nimemfuata asubuhi. Hyder Mohamedjaffer ana miaka hamsini na kitu. Ndugu zake wana duka la vifaa vya umeme mjini, yeye akakataa kukaa dukani, akaenda kusomea mashine. Fundi mzuri, hilo silikatai. Lakini ana masihara mengi na anapiga mluzi kazini, na mimi mtu anayepiga mluzi huku ameshika kitu cha thamani ile ananitia wasiwasi.

"Shikamoo, mzee. Ijumaa uliosha mashine?"

"Marahaba, binti. Niliosha, nikasuuza, nikaipiga na busu."

"Mbona Mzima ana uchafu?"

"Mzima ndo mie," akasema, akajipiga kifua. "Mie ndo kipimo cha afya Kinondoni nzima. Angalia rangi zako vizuri."

Ni kweli damu ya Mzima ni yake. Tangu utafiti uanze anatoa yeye, kwa sababu anafika kabla ya wote, na Sista Apolonia, muuguzi wetu, anasema mishipa yake inajitokeza yenyewe. Basi lawama akanirudishia mimi, kwamba nachanganya rangi vibaya. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumanne, 12 Machi

Mfungo umeanza. Mzee Hyder kasema hivyo vijiko viwili vya damu havimharibii funga yake. Kundi bado lipo.

Jumanne, 19 Machi

Mvua tangu alfajiri. Walitakiwa kuja akina mama watano, kafika mmoja tu, Yuliana, muuza dagaa wa soko la Tandale. Kaingia amevua viatu, matope mpaka magotini.

"Nyie mnapenda damu kuliko kunguni," akasema. "Haya, nyonyeni, mie niwahi biashara."

Sista Apolonia akamwambia angekaa nyumbani, mvua hii si ya mgonjwa. Yuliana akacheka. "Nikikaa nyumbani nani atanipima? Nimeshasema nitakuja, nimekuja. Hii si ya kwangu tu, kuna wenzangu wa kesho."

Nimeishughulikia damu yake kwa mikono yangu. Kisha nikaangalia Mzima wa leo, na kundi lile limenenepa. Kazi ya siku nzima kando. Yuliana alivuka maji yale bure.

Nimemwendea Mzee Hyder nikamwambia mbele ya watu kwamba kama mashine imemshinda aseme tutafute fundi mwingine. Alichukua funguo zake, akaifungua mashine, akaanza kutoa mabomba moja moja.

Alhamisi, 21 Machi

Mabomba mapya. Kundi lipo.

Jumatatu, 25 Machi

Dawa za rangi mpya, boksi halijafunguliwa na mtu. Kundi lipo. Kwa hiyo si mimi. Nimemwambia hivyo, nikaona raha kumwambia.

Jumatano, 27 Machi

Mkubwa wetu, Dkt. Kasiani, katuita. Ripoti inatakiwa Mei, na siku zilizowekwa kando zimekuwa nyingi. Akina mama hawa hawawezi kutolewa damu tena ovyo, wengine wameshaanza dawa na seli zao zimebadilika. Siku iliyopotea imepotea. Kamtazama Mzee Hyder, Mzee Hyder katazama sakafu. Kisha Mzee Hyder kampigia simu fundi wa Nairobi, wameikagua mashine pamoja kwa saa nyingi, fundi kasema haoni kosa. Fundi naye simwamini.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Kanisani Kimara maji yameingia mpaka kwenye viti vya kwaya. Tumeimba tumesimama.

Jumanne, 2 Aprili

Mzee Hyder kakonda. Mkanda wa suruali kautoboa tundu jipya. Sista Apolonia kamtania kwamba Ramadhani ya mwaka huu inamla yeye badala ya yeye kula daku. Akacheka, lakini alipopanda ngazi alisimama katikati, kashika ukuta.

Nilimwona. Nilijisemea, funga.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Mzee Hyder yuko likizo mpaka wiki ijayo. Mkewe, Bi Kubra, katuletea biriani ya maabara nzima. Mimi niliyemsema mumewe mbele ya watu nimeila, tena nimeongeza.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo damu ya Mzima ni ya Sista Apolonia, maana mwenyewe hayupo. Skrini safi! Kundi halipo, nukta za kuhesabika tu kama inavyotakiwa. Nimeruka. Dkt. Kasiani kanipa mkono.

Siku zote hizi hakuna aliyeigusa mashine isipokuwa mimi. Sasa sihitaji kusema tatizo ni nani.

Jumanne, 16 Aprili

Karudi, kundi limerudi. Nilishika mlango wa chumba cha mashine nikamwambia Dkt. Kasiani: mzee huyu asiiguse tena. Dkt. Kasiani, ambaye hapendi ugomvi, kasema tufanye jaribio. Kesho kutwa niioshe mashine mimi peke yangu, Mzee Hyder asiingie kabisa.

Alhamisi, 18 Aprili

Naandika mchana huu huu, nimejifungia stoo ya vifaa.

Nimeiosha mashine mwenyewe, mara mbili. Mzee Hyder alikaa nje barazani, miguu juu ya stuli, kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake. Ili jaribio liwe la haki nikamwomba Sista Apolonia atoe tyubu mbili za Mzima, moja ya damu yake na moja ya Mzee Hyder. Saa moja, rangi moja, mikono yangu.

Ya Apolonia, safi.

Ya Mzee Hyder, kundi. Si kundi tena, ni wingu. Zaidi ya nusu ya seli zake za kinga zimebeba zile protini mbili.

Nikaipitisha tena ya Apolonia. Safi. Nikaipitisha tena ya kwake. Wingu. Nilisoma chuoni picha hii ni ya nini, niliichora kwenye mtihani nikapata alama zote. Ni picha ya saratani ya damu. Tangu Februari mashine inatuambia ukweli kwa upole, kidogo kidogo, na sisi tunabadilisha mabomba. Sote tulijua damu ni ya nani, na hakuna aliyefikiri, kwa sababu tyubu imeandikwa Mzima.

Na mimi nilikuwa mbele kuliko wote. Mtu anaumwa, mimi namgombeza.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwonyesha Dkt. Kasiani. Kaangalia muda mrefu, kavua miwani, kavaa.

"Sisi si hospitali, Eliaichi," kasema. "Mashine yetu haina kibali cha kutoa majibu ya ugonjwa. Na wanaotoa damu ya Mzima wamekubali kwa maandishi kwamba hatutawapa majibu. Ukimwambia mtu ana saratani halafu ikawa siyo?"

"Na nisipomwambia halafu ikawa ndiyo?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, ilibidi tuongee kwa sauti, nikaogopa Mzee Hyder atasikia kupitia ukutani. Mwisho kasema nimwambie jambo moja tu, aende hospitali akapime damu. Jina la ugonjwa nisilitaje, hilo ni la daktari wake. Nikakubali. Ni haki.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwambia.

Nilimkuta barazani, maji yamejaa uani. Nikamwamkia, nikaomba radhi kwanza kwa yote niliyomsemea. Alipokea kwa kucheka, akaniuliza nimeota nini. Ndipo nikasema: "Mzee, mashine ni nzima. Damu iliyopita kabla ya yako na baada ya yako inasomeka sawa. Naomba uende hospitali ukapime damu, wiki hii."

Nilikuwa nimesahau naongea na nani. Mtu huyu ameziona picha za skrini ile kuliko sisi wote. Nilimwona anahesabu kichwani: Februari, Machi, likizo ya Idi.

"Wiki zote hizi unasema sijui kuosha mashine," akasema polepole. "Leo unaniambia uchafu ni damu yangu?"

"Sijasema uchafu. Nasema kapime."

"Sijisikii kuumwa."

"Unapumzika katikati ya ngazi, mzee."

"Nilikuwa na funga!"

"Funga imeisha."

Akasimama. Akasema baba yake aliingia hospitali kwa miguu yake, akatolewa amebebwa, na kwamba mimi ni mdogo sana kumwelekeza wapi pa kwenda. Akasema nikithubutu kumwambia Kubra hatanisamehe. Kisha akatoka kwenye mvua bila mwavuli. Nililia, sikatai. Lakini nimejiapiza: nitamuuliza kila siku mpaka aende. Akinichukia, na anichukie akiwa hai.

Jumanne, 23 Aprili

"Umekwenda, mzee?" Akanigeuzia mgongo.

Jumatano, 24 Aprili

"Umekwenda?" "Bado. Na uniache."

Alhamisi, 25 Aprili

"Umekwenda?" "Barabara imejaa maji." Ya kwenda hospitali haijajaa. Nimemwambia hivyo.

Haingii tena chumba cha mashine. Anakaa na makaratasi ya vipuri, mluzi hapigi. Sikujua mtu anaweza kuukosa mluzi wa mwenzake.

Jumatatu, 29 Aprili

"Umekwenda?" "Binti, wewe ni kupe." Angalau kanitania.

Jumanne, 30 Aprili

Sista Apolonia alimpigia Yuliana kumkumbusha siku yake. Simu ilipokelewa na dada yake. Yuliana amefariki Jumamosi, wamemzika jana.

Sista kaja kutuambia akiwa bado ameshika simu. Sikuweza kazi. Nilikwenda kwenye meza ya Mzee Hyder, nikamwambia bila kuzunguka.

Akauliza: "Yule wa matope? Damu yake si tuliiweka kando?"

"Tuliiweka kando."

"Kwa sababu ya Mzima."

"Ndiyo, mzee."

"Yeye alivuka Tandale ile na mvua ile kuja kupimwa." Alisema kama anamsimulia mtu mwingine. "Mie nina gari."

Leo sikumuuliza kama amekwenda. Sikuwa na nguvu.

Alhamisi, 2 Mei

Asubuhi nilimkuta amesimama getini, shati limepigwa pasi, funguo mkononi.

"Twende," akasema. "Usipokuja wewe nitakata kona nirudi."

Tumekwenda. Ubungo tulikwama kwenye foleni ya maji na magari, akazima injini, akaanza kunieleza jinsi ya kujua pampu ya mashine inataka kuchoka kabla haijachoka, sauti yake inavyobadilika. Nilielewa kwamba ananirithisha kazi, nikamkatiza. "Utanionyesha mwenyewe mashineni," nikasema. Akasema sawa, lakini akaendelea kueleza.

Hospitalini wamemtoa damu. Akageuza uso ukutani, yeye ambaye kwetu ananyoosha mkono huku anasimulia vichekesho.

Ijumaa, 3 Mei

Wametangaza upepo mkali kutoka baharini. Maabara imefungwa mapema. Nimemtumia ujumbe: "Umemwambia Bi Kubra?" Kajibu: "Bado." Nikamtumia tena. Kajibu: "Kupe."

Jumamosi, 4 Mei

Upepo umepita, umeng'oa bati la jirani. Sisi wazima. Jioni Bi Kubra kanipigia simu. Hakusema mengi. "Ahsante, mwanangu. Sasa tupo wawili wa kumsumbua."

Ijumaa, 10 Mei

Majibu kamili. Ni saratani ya damu, ya seli zilezile, na ni ile inayotibika kwa dawa za kumeza na za dripu. Daktari kamwambia imeanza kujikusanya, lakini haijamwangusha. Angengoja mpaka mwisho wa mwaka, angeletwa amebebwa. Anaanza dawa wiki ijayo. Hakuna aliyemwahidi kupona kabisa. Wamemwahidi miaka.

Kanieleza yote haya amesimama wima, kisha akaniambia: "Haya, binti, sasa niulize lile swali lako."

Nikamuuliza: "Umekwenda, mzee?"

"Nimekwenda."

Jumatano, 15 Mei

Mvua inapungua. Kichwa hakinipi raha, kwa sababu ya jambo hili: kama mashine ilikuwa sawa siku zote, basi majibu ya akina mama tuliyoyaweka kando ni sawa pia. Yote. Na ya Yuliana yamo.

Nimemwambia Dkt. Kasiani. Kakubali kisayansi, kakataa kwa mengine. Ili tuyarudishe inabidi tuandike sababu: Mzima wetu alikuwa mgonjwa. Kila mtu hapa na kila mfadhili aliyewahi kututembelea anajua Mzima wetu ni nani, picha yake akitoa damu ipo ukutani mapokezi. Kasema Jumatatu kwenye kikao ataandika hitilafu ya mashine, yaishe. Tutapoteza akina mama wale, lakini hatutamvua nguo mzee wa watu.

Kasema kweli. Siri ya mwili wa mtu ni yake. Sitaenda kumwomba, nimeshamwomba vya kutosha. Ila nimeumia.

Jumatatu, 20 Mei

Kikao kilikuwa saa nne. Wafanyakazi wote mezani, wafadhili kwenye skrini. Mzee Hyder alikaa mwisho wa meza, kavaa sweta kwa sababu dawa zinamtia baridi. Dkt. Kasiani akafika kwenye ukurasa wa siku zilizowekwa kando, akasafisha koo. "Tulipata hitilafu ya mashine," akasema.

Nilitazama kalamu yangu.

"Hapana," akasema Mzee Hyder.

Dkt. Kasiani akamwonyesha kwa mkono kwamba si lazima. Mzee Hyder akasimama, polepole, kashika kiti.

"Mie ndo fundi wa mashine hii, na nimesikia inasingiziwa masika nzima, nimechoka," akasema. "Haikuwa na hitilafu hata siku moja. Mgonjwa nilikuwa mimi. Nina saratani ya damu, imeonekana humu humu, na huyu binti ndiye aliyeniburuza hospitali. Kwa hiyo damu za wale akina mama zilisomwa sawasawa. Warudisheni. Na mkiandika sababu, andikeni jina langu, msije mkaandika vibaya, Mohamedjaffer ni neno moja."

Sista Apolonia akaanza kulia kwa sauti, na mfadhili mmoja kwenye skrini akazima kamera yake. Dkt. Kasiani akakata mstari mmoja kwenye karatasi yake, akaandika mwingine juu.

Baada ya kikao tulikaa wawili chumba cha nyuma. Yeye alisoma namba, mimi nikawahamisha akina mama kutoka kando kuwaingiza kwenye utafiti. Majina hayapo, ni namba tu, lakini tulipofika tarehe kumi na tisa Machi tulijua, kwa sababu siku ile alikuja mmoja peke yake.

Nikafungua picha yake. Mzee Hyder akasogeza kiti. Tuliitafuta protini ya uchovu kwenye seli zake za kinga, nikabadilisha kipimo, nikaitafuta tena. Karibu haipo. Seli za Yuliana hazikuwa zimechoka. Siku ile aliyotupa damu zilikuwa bado zinapigana.

Mzee Hyder akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa.

"Andika, naye kaingia," akasema.

Nikaandika.